Mgeni Mimi, Mgumu Mimi

Kwa miaka minne kabla sijahamia Marekani nilikuwa mgumu. Asiyezijua njia za Kilimanjaro anaweza kunielewa vibaya, kwa hiyo nieleze: mgumu ni mpagazi. Ndivyo tulivyoitana wenyewe kwa wenyewe pale getini Marangu, na jina halikuwa na kejeli. Asubuhi mnapanga foleni, mzigo unatundikwa kwenye mzani, askari wa hifadhi anasoma, na ukizidi kilo 20 unapunguzwa. Halafu unaondoka nao kichwani, nguo zako zikiwa mgongoni, na kabla ya saa sita umeshampita mgeni wako njiani. Yeye ana kibegi. Ndani yake mna maji, koti la mvua, kamera, biskuti na karatasi ya chooni. Nilivipita vibegi vya namna hiyo mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini ni vidogo.

Nilikuja kujiuliza nikiwa na miaka thelathini na tisa, nimekaa juu ya gogo katika milima ya Colorado, nahema kama ng'ombe wa plau, huku kundi la wapiti likikatiza mbugani mbele yangu na mimi sina pumzi ya kuinua bunduki. Mgongoni nilikuwa na kilo 19.

Wapiti ni mnyama ambaye Wamarekani wengi humwita elk: wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, dume likiwa na pembe zenye matawi zinazodondoka na kuota upya kila mwaka. Jina la wapiti limetoka kwa Washawnee, wenyeji wa asili wa Marekani, na maana yake ni mwenye makalio meupe. Mimi lilinifurahisha kwa sababu lilinijia limekwisha kuvaa Kiswahili. Nyumbani kwetu Aurora, huku Colorado, watoto wangu wanasema mpiti mmoja, wapiti wengi, wala hawacheki. Dume lililokomaa hufika kilo 300 na kuzidi, uzito wa punda milia aliyenenepa. Jike hucheza kwenye 220 au 230. Mwanzoni mwa karne ya 20 uwindaji usio na mpango ulikuwa umewamaliza karibu wote huku, hata wengine wakaletwa kutoka Wyoming kuanzisha upya uzazi. Leo Colorado ina zaidi ya 280,000, na hakuna jimbo jingine linaloikaribia. Pamoja na wingi huo, wawindaji wengi hurudi nyumbani mikono mitupu kila msimu.

Aliyeniingiza katika mambo haya ni mzee jirani yangu, dereva wa malori mstaafu, Mmarekani wa huko huko milimani. Jina lake silitaji kwa sababu hapendi. Siku moja aliniona nikipandisha mashine ya kufulia ngazi za ghorofa ya pili, peke yangu, kwa mkanda kichwani. Akauliza nilikuwa nafanya kazi gani kwetu. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama nimewahi kula wapiti. Nilikuja kung'amua baadaye kwamba mwaliko ule haukuwa wa upendo mtupu: alikuwa na miaka sitini na saba na goti bovu, naye alijua kitu kuhusu uwindaji ambacho mimi sikukijua bado.

Taratibu zenyewe hazikunisumbua. Kila aliyezaliwa kuanzia mwaka 1949 ni lazima asome darasa la usalama wa uwindaji ndipo auziwe leseni, nikasoma. Sheria inataka mwindaji wa bunduki avae rangi ya machungwa au ya waridi inayong'aa, kifuani na kichwani, nikanunua kizibao na kofia. Mwalimu wa darasa alitupa pia ile orodha ya vitu kumi vya lazima ambayo chama cha wapanda milima cha Seattle, The Mountaineers, kilianza kuifundisha katika miaka ya 1930: ramani, taa, moto, kisu, nguo za akiba na kadhalika. Ni orodha nzuri. Niliipokea kama mtu anavyopokea sahani ya pilau harusini, yaani kila kitu nikakiongezea.

Sasa lazima niseme tulikokwenda, maana bila hapo hadithi ya begi haina uzito. Flat Tops ni nyanda za juu kaskazini magharibi mwa Colorado, tambarare kwa juu kama meza zilizopangwa, na mabonde yenye misonobari katikati. Tangu 1975 sehemu kubwa imo chini ya sheria ya mapori ya mwaka 1964, ambayo haipigi marufuku magari tu. Inakataza chochote chenye gurudumu la kubebea mizigo, hata toroli. Katika bonde mojawapo kuna ziwa la Trappers, ambako mwaka 1919 mtumishi mmoja wa idara ya misitu, Arthur Carhart, alitumwa kupima viwanja vya nyumba za mapumziko, akarudi na ushauri kwamba ufuo ule usijengwe kitu. Uamuzi wake unasifiwa sana, nami nausifu. Ila maana yake kwa mwindaji ni kwamba mnyama ukimwangusha kilomita tano ndani, nyama itatoka kwa mgongo wa farasi au wa mtu. Sisi farasi hatukuwa nao.

Katika mji mdogo wa Meeker, chini ya nyanda hizo, wanajivunia kwamba Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliwahi kuwinda huko. Alikuja Januari 1901 kufuata simba wa milimani. Mtu huyo huyo ndiye aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 na mwanawe Kermit kwa safari kubwa iliyochukua miezi, msafara wenye wapagazi zaidi ya mia mbili, chumvi tani nne za kuhifadhia ngozi, na sanduku la vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili visiharibiwe na jasho na damu. Biblia ilikuwamo, Shakespeare alikuwamo, Homer alikuwamo. Sanduku lote lilikaribia ratili 60, kama kilo 27, na likapimwa makusudi liwe mzigo wa mtu mmoja. Getini Marangu leo lingekataliwa. Ninapowaza juu ya Roosevelt chini ya mti wa mbuga ya Kenya, kitabu mkononi baada ya kupiga faru, humwona pia yule jamaa aliyekibeba, amekaa kando anajikanda shingo.

Mwaka wa kwanza, basi, nilijipakia kama Roosevelt bila wapagazi. Nilikuwa na shoka. Nilikuwa na msumeno, visu vitatu, jiko la gesi, kiti cha kukunja, lita nne za maji, darubini mbili kwa sababu ya pili ilikuwa na punguzo la bei. Suruali ilikuwa ya jinzi. Mke wangu aliliinua begi kwa mkono mmoja akalirudisha chini.

"Baba watoto, unahama?"

Nikamwambia kilo 19 si kitu, nimebeba zaidi ya hapo hadi kambi ya Kibo. Jibu lile lilikuwa kweli na lilikuwa upumbavu. Mgumu hubeba kilo zake kwa mwendo anaoujua, kwenye njia iliyokanyagwa na watu elfu, akajua saa anayoutua mzigo na mahali atakapoutulia. Mwindaji hatembei njiani. Anapanda pale mnyama anapopanda, anaruka magogo, anachutama, anasimama ghafla, anangoja dakika arobaini akiwa na jasho mgongoni kwenye baridi, halafu anatakiwa akimbie. Mzigo uleule uliokuwa rafiki yangu kwenye kambi ya Horombo ulinivuta nyuma Flat Tops kama mtoto mwenye hasira. Siku ya tatu ndipo nilipokaa juu ya lile gogo na kuwatazama wapiti wakienda zao.

Mwaka wa pili nikafanya kama anavyofanya mtu aliyeungua na uji, akaacha kula. Nilitupa kila kitu. Nilijiambia mimi ni mtoto wa mlima, baridi naijua, usiku naujua. Bunduki ilikuwa begani, na ndani ya begi mlikuwa na darubini moja, kipima umbali, filimbi tatu za kuigiza sauti ya jike, kichupa cha mkojo wa mpiti wa kupoteza harufu yangu (dola kumi na mbili, Mungu anisamehe), chupa moja ya maji, chapati mbili na taa ya kichwani yenye betri za mwaka uliopita. Ramani niliiacha garini kwa sababu simu ilikuwa nayo.

Saa kumi na nusu jioni nikaona majike sita yakishuka korongoni. Mzee alikuwa upande wa pili wa mlima, goti limemkataza. Nikawafuata. Kila mara nilipofika mahali walipokuwa, walikuwa hatua hamsini mbele, na mimi nikashuka, na nikashuka, mpaka mwanga wa kupigia risasi ukaisha. Nilipogeuka, taa ilimulika kwa kitambo, ikawa nyekundu kama kibatari kilichoishiwa mafuta, ikazimika. Simu ilionyesha asilimia thelathini. Niliitoa mfukoni, baridi ikaishika, ikazimika nayo. Nilikuwa nimewaona wageni wangapi Kibo wakililia simu zilizokufa namna hiyo? Na niliwacheka.

Sehemu ile iliungua mwaka 2002, katika moto mkubwa uliofagia mazingira ya ziwa Trappers na kuila nyumba ya wageni iliyokuwa pale. Miti iliyokufa imesimama bado, na mingine imelala juu ya mingine kama njiti zilizomwagika. Kutembea humo gizani ni kutafuta kuvunjika mguu. Jambo pekee la busara nililolifanya siku ile ni kukaa chini.

Jinzi ilikuwa imelowa hadi magotini kwa theluji. Kiberiti cha njiti kilikuwa kimenyonya jasho langu, kikakwaruza bila kuwaka, kikaisha. Nilikata matawi ya msonobari kwa mkono nikayakalia, nikavua ile suruali, nikaingiza miguu ndani ya begi tupu na kulifunga mapajani. Juu nilikuwa na sweta la sufu nililolinunua dola sita kwenye duka la mitumba Aurora. Naam, mitumba iko na huku, tena huku ndiko inakoanzia. Lile sweta ndilo lililoniweka hai, maana sufu hata ikilowa haikuachi peke yako kama pamba.

Nilijua kitu cha kuogopa. Mgeni anapotetemeka mlimani, kiongozi hahangaiki sana. Anapoacha kutetemeka akasema sasa yuko sawa, hapo ndipo watu hukimbia naye chini. Kwa hiyo nilitetemeka kwa bidii. Kila nilipohisi usingizi mtamu unakuja nilisimama na begi langu miguuni nikaruka kama gunia. Niliimba nyimbo zote tunazowaimbia wageni getini, zile ambazo sisi wenyewe tukiwa peke yetu hatuziimbi. Chapati moja niliigawa vipande vinane, nikala kimoja kila nilipokadiria saa imepita. Vilikwisha kabla ya usiku kufika nusu, kumbe makadirio yangu yalikuwa ya njaa.

Alfajiri nilisikia filimbi. Mzee alikuwa amefuata nyayo zangu kwenye theluji kwa saa mbili, goti na yote. Baadaye aliniambia kwamba kama asingenipata hadi jua kuchomoza angempigia mkuu wa polisi wa wilaya, ambaye kwa sheria za huku ndiye mwenye dhamana ya kutafuta waliopotea. Tunachangia kazi hiyo kidogo katika bei ya leseni. Alinimiminia kahawa kutoka kwenye chupa ya chai, akasema neno moja: "Vidole?" Nikamwonyesha vyote kumi. Akakubali kwa kichwa, tukaondoka.

Hakunigombeza. Tulipofika garini alishusha mlango wa nyuma wa pikapu, akamwaga begi langu juu yake, akaanza kushika kitu kimoja kimoja na kuniuliza swali lile lile.

"Hiki kilikufanyia nini saa nane za usiku?"

Darubini? Hakuna. Kipima umbali? Hakuna. Filimbi tatu? Hakuna. Alipofika kwenye kichupa cha mkojo alikitazama juani, akakitupa kwenye ndoo bila kuuliza. Chapati iliyobaki aliiweka upande wa kulia. Sweta upande wa kulia. Kizibao cha machungwa, kulia. Begi lenyewe likiwa tupu, kulia. Vilivyobaki vyote vilikwenda kushoto, vikawa fungu kubwa. Kisha akaniuliza swali la pili, ambalo sikulitegemea: "Na kama ungemwangusha mmoja kule chini?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Sikuwa na kamba. Sikuwa na mfuko wa nyama. Kisu kilikuwa kimoja, butu. Begi lilikuwa dogo la kitambaa, lisilo na fremu, la kubebea vitabu shuleni. Vitu vyangu vyote vilipangwa kwa ajili ya dakika moja, ile ya kupiga risasi, kana kwamba baada ya hapo angekuja mtu mwingine kumalizia. Hapo ndipo nilipoviona tena vile vibegi vya Kilimanjaro, na udogo wake nikauelewa. Vilikuwa vidogo kwa sababu mimi nilikuwepo. Hema lilikuwa kichwani kwangu, na chakula, na godoro, na begi kubwa. Mgeni alikuwa na haki ya kubeba biskuti. Kwenye uwindaji huu hakuna anayekuja nyuma: asubuhi unakuwa mgeni, jioni unakuwa mgumu, na ni mtu mmoja.

Tangu siku ile napanga begi kwa kurudi nyuma. Kwanza naweka vitakavyobeba nyama, kisha vya usiku, na vya kuwindia vinaingia mwisho vikipata nafasi. Begi lenyewe sasa lina fremu ngumu, na kati ya fremu na mfuko pana nafasi inayofunguka, ambamo paja zima linakaa karibu na mgongo. Wakati wa kwenda linabanwa na kuwa jembamba. Ndani mna foronya tano za pamba ambazo mke wangu alizikusanya kutoka kwenye mashuka ya zamani. Maduka huuza mifuko ya kazi hiyo kwa bei ya ajabu, lakini nyama haina habari na nembo. Inachotaka ni kitambaa kinachopitisha hewa na kuzuia nzi. Kuna kamba nyembamba mita kumi na tano. Kuna kisu kimoja chenye wembe wa kubadilisha, na nyembe sita, kwa sababu ngozi ya mpiti na ule udongo ulionasa kwenye manyoya humaliza makali upesi, na kunoa mikono ikiwa imeganda ni adhabu. Shoka silihitaji: viungo vya mnyama hufunguka kwa ncha ya kisu, anajua hilo kila aliyewahi kusaidia kuchinja mbuzi wa Krismasi.

Taa ni mbili, na betri za akiba zinakaa mfuko wa kifuani, kwenye joto la mwili, pamoja na simu. Moto uko wa namna mbili: viberiti vya gesi viwili, na kichupa cha pamba zilizosuguliwa Vaseline, ambazo hushika hata mvua inaponyesha. Turubai jepesi. Koti la manyoya ya bata linalokunjwa likawa kama nanasi. Mkanda wa kufungia jeraha linalotoa damu nyingi, maana ajali ninayoiogopa kuliko zote ni kisu kuteleza katika damu na giza. Lita mbili za maji, na chupa huwa naigeuza kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu na mdomo unabaki wazi. Kichujio cha maji hulala nami ndani ya nguo, kwani kikiganda mara moja kinapasuka ndani usione, na hapo unakunywa ugonjwa kwa kujiamini. Ramani ya karatasi na dira. Kile kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti ni sharti la mke wangu, nami sikuwa na hoja ya kumjibu. Leseni iko kwenye mfuko wa nailoni na kalamu yake na uzi, sababu mnyama akianguka unatakiwa uikate, uitie saini na kuifunga kwenye nyama hapo hapo.

Na chapati, lakini nne. Ukijumlisha maji, begi linakuja kilo tisa.

Kilichopunguzwa ni pamoja na vile vya kumdanganya mnyama. Upepo naupima kwa kichupa cha unga, basi. Upepo wa milimani una ratiba: asubuhi hewa baridi huteremka mabondeni, jua likipasha hupanda, jioni hushuka tena. Nilikulia chini ya mlima ambao ukungu wake hupanda mchana na kutulia usiku. Mzee aliponieleza habari hii nikamwambia kwetu hata kuku wanaijua.

Mwaka wa nne nilipata leseni ya jike. Siku ya pili ya msimu, saa tatu asubuhi, tukiwa tumekaa chini ya njia yao na hewa bado inateremka kutoka kwao kuja kwetu, majike matano yalitoka kwenye miti. Kuhusu risasi yenyewe sina mengi. Ilikuwa moja, mita mia na themanini, na alikwenda hatua ishirini. Niliweka mkono kwenye shingo yake, na joto lilikuwa jingi hata theluji chini yake ilianza kuyeyuka. Nilikaa hapo kidogo. Mzee akatazama pembeni, akanipa muda wangu.

Joto hilo ndilo adui. Watu hudhani penye theluji nyama haiozi, kumbe ngozi ya mpiti ni blanketi, na mnofu ulio karibu na mfupa wa nyonga huchacha kwanza hata kukiwa na baridi. Tulimlaza ubavu, tukafungua ngozi mgongoni, tukatoa mguu wa mbele, paja, sarara ya nje na mnofu wa shingo, tukamgeuza, tukarudia. Matumbo hayakufunguliwa mpaka mwisho, tulipoingiza mkono kutoa sarara za ndani, moyo na maini. Tukatoa mifupa ili kupunguza uzito, tukiacha alama ya jinsia imeshikamana na nyama kama sheria inavyotaka. Nyembe nne zilikwisha. Saa saba foronya tano zilikuwa zimening'inia kivulini, mbali na mabaki, kwani dubu na kunguru wanakuja kwanza kwenye matumbo. Nyumbani tulipima: kilo 66 za mnofu.

Kilomita tano hadi garini. Mzee alibeba mzigo mmoja wa sarara na moyo, kilo kumi na mbili, akasema goti limetoa ruhusa kwa huo tu. Nilimtazama, naye akacheka, na hapo ndipo alipokiri habari ya mashine ya kufulia.

Safari ya kwanza nilikwenda na fremu, vizuri. Ya pili, kesho yake asubuhi, bega liliuma nikakumbuka ujana. Nililivua sweta la mitumba, nikalisokota ngata, nikaweka foronya kichwani, kama kilo ishirini na kidogo, nikashika njia. Kwenye ardhi tambarare nilikwenda kama maji. Shingo haikuwa imesahau. Lakini nyuma yangu mzee alikuwa anapiga kelele, nikasimama nikidhani ameanguka. Kumbe alikuwa ameona kile ambacho mwindaji mwingine angekiona kutoka mbali kati ya miti: nyama ya mpiti, imefungwa kitambaa chenye damu, inatembea kwenye kimo cha mnyama. Alivua kizibao chake cha machungwa akaja kuufunga mzigo kichwani kwangu kama kilemba. Tulipofika kwenye magogo ya moto wa 2002 niliteleza mara mbili, nikaurudisha kwenye fremu bila ubishi. Kila mlima una namna yake ya kubebewa. Safari ya tatu ilikwisha saa kumi jioni.

Mama yangu nilimpigia Marangu siku ile ile. Mwanzoni, miaka ile ya kurudi mikono mitupu, alikuwa akiniuliza, "Mwanangu, huko hakuna bucha?" Sasa nilimtumia picha. Akazitazama zote, akanyamaza, nikajua anatafuta kosa.

"Na utumbo uko wapi? Na damu?"

"Tumeacha porini, mama."

"Mmemwaga kisusio chote porini!" Kisusio ni ule mchuzi wetu wa damu. Kilichobaki cha mazungumzo hakiandikiki. Maini nilimwahidi sijayaacha.

Nyama iligawanywa. Familia moja ya Kikongo ghorofa ya chini ilipata paja la mbele na ikaturudishia sufuria ya sombe, yaani kisamvu. Mzee alichukua nusu. Mwaka huu goti lake limekataa kabisa, na nimeanza kumwandaa kijana mwingine wa Kitanzania ambaye alikuja na orodha ndefu na picha ya shoka. Nilimwambia alijaze begi lake kama anavyotaka, alilete kwangu Jumamosi, tutalimwaga mezani.

Nawe unayekwenda Kilimanjaro mwaka huu na kibegi chako cha kilo tano, sina ugomvi nacho, ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Ila ukifika Horombo jioni, kabla hujaingia kulala, mtafute aliyebeba lile begi jingine umuulize kama amekula.